Jogoo wa Mtani Wako

Mume wangu Shomari,

Ni mie, bibi yako, niliyekuita mume tangu unanyonya. Anayeandika ni dada yako Zuhura. Mie nasema, yeye anaandika, na nimemwambia akinirekebisha hata neno moja namchapa. Kwa hiyo ukikuta tusi humu ujue ni langu, mtoto wa watu hana kosa.

Mkono wangu wa kushoto umevunjika. Wamenifunga hogo la plasta kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko, unawasha kama upupu. Nitafika huko. Nianze na habari njema, maana msiba nao una adabu zake.

Albamu imetoka. Ile mliyoirekodi ukiwa hai, mkaiita Furaha Haina Kiingilio. Inalia kwenye bajaji, inalia saluni, inalia kwa wauza chipsi. Wimbo wa mwali aliyeficha wali kwenye khanga, watoto wa hapa Mtongani wanauimba wakienda madrasa, ustadhi anawafukuza na bakora na yeye mwenyewe mabega yanamcheza. Na kile kikundi chenu cha kupiga ngoma kwenye shughuli za kumtoa mwali, leo kimepanda juu ya lori la Kenta na maspika na jenereta, kinazunguka mji. Mbagala, Tandika, Kunduchi, Tandale, Ubungo, halafu bara huko mpaka Tabora.

Walikuja kuniomba niende nao. Unajua ya kwetu, ngoma ya aliyekufa haishikwi na mkono mwingine mpaka mwenye msiba aipige kwanza. Wakasema bibi, kila tutakaposimama utaigonga mara tatu, basi, ukae. Nikakubali, na Zuhura akanifuata. Sikukubali kwa ajili ya ngoma, Shomari. Nilikubali kwa sababu ya jina lako.

Kwa sababu mtaani nilikuwa bibi wa mwizi wa kuku. Ndivyo habari ilivyofika hapa: Shomari kakwapua jogoo soko la Tandale, mchana kweupe, raia wenye hasira wamemmaliza. Raia wenye hasira. Kama vile hasira ni ugonjwa unaopita, hauna mtu. Walikupiga kwa mawe, kwa mbao, kwa nondo. Mmoja alikukanyaga shingo na buti la mpira. Nilipofika mochwari mhudumu akanizuia, akasema bibi usimtazame huyu. Nikamsukuma kifuani. Uso haukuwepo. Nilikutambua kwa vidole, zile sugu za ngoma, nikazishika moja moja mpaka wakanitoa kwa nguvu.

Halafu narudi nyumbani, nakwenda bombani kuchota maji, mama mmoja anawaambia wenzake, "Jamani angalieni kuku wenu, Bi Mwajuma anapita." Nilimmwagia ndoo nzima, na ndoo yenyewe nikamtupia. Lakini utamwagia maji wangapi? Usiku nalala najiuliza, hivi mume wangu aliiba kweli? Nisamehe. Nilijiuliza.

Sasa Masanja. Yule mwimbaji wenu, Mnyamwezi wa Tabora, mtani wako. Nyie wawili mlivyokuwaga mnatukanana, mgeni angedhani kesho mtauana. Wewe Mzaramo yeye Mnyamwezi, utani wa tangu mababu, mtu anakuchukulia chako na hukasiriki, na wewe siku yako utachukua chake. Siku ya msiba wako watani walikuja kama desturi. Mmoja alivaa kanzu yako akatembea kama wewe, mwingine alijilaza mlangoni akasema maiti haitoki mpaka apewe pilau. Watu walicheka huku wanalia. Masanja alikaa ukutani. Hakutania hata neno. Mie mzee mzima, nimezika watu wangapi, sikuliona lile. Mtani asiyetania msibani ana jambo.

Akalileta Kunduchi, asubuhi, tunakula samaki wa kukaanga pale wavuvi wanapopakua. Wenzake walikuwa wanafunga maspika. Akapiga magoti mbele yangu kwenye mchanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Inuka, unanizibia upepo."

Hakuinuka. Akasema, "Bibi, yule jogoo alikuwa wangu."

Mkewe alikuwa amejifungua, yeye kaja sokoni kununua jogoo wa supu ya mzazi. Wewe ukamtokea kwa nyuma, ukampokonya, ukamwambia, "Mnyamwezi kazi yake kubeba mizigo, jogoo anakula bwana wake." Ukakimbia unacheka. Na yeye anacheka, akapiga kelele nyuma yako: "Mwizi, mwizi huyo, mkamateni Mzaramo huyo." Kama mlivyokuwa mnafanya hapa uwanjani kwangu siku zote, na watu wote wanacheka. Lakini hapa kwangu wanawajua. Tandale hawakuwajua. Walisikia neno moja tu. Anasema alikimbia anawaambia ni mtani wangu, ni mtani wangu, akapigwa kiwiko cha pua akaanguka. Alipoinuka akaona damu yako. Akaogopa. Akaondoka. Akanyamaza miezi yote hiyo, anaimba albamu ya furaha, na mie naitwa bibi wa mwizi.

Nilimpiga kofi. Halafu nikachukua kigoda nilichokalia nikampiga nacho begani mpaka mguu mmoja wa kigoda ukachomoka. Hakuinua mkono. "Piga tu bibi," anasema. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana mtu akikuruhusu kumpiga ni kama anakulipa deni kwa chenji. Nikaacha. Akasema, "Kesho Tandale, tukimaliza nyimbo, nitawaambia watu mwenyewe." Nikamwambia sawa. Sikumwambia mtu mwingine yeyote, hata Zuhura.

Tandale tulifika baada ya alasiri. Kenta likasimama pale pale, Shomari, pembeni ya wauza viazi, na watu wakajaa mpaka juu ya magunia. Nikagonga ngoma yako mara tatu, nikakaa. Wakaanza. Zuhura anasema nyimbo zilikuwa nzuri, sijui, mie nilikuwa natazama chini, natafuta kwenye vumbi ni wapi ulipolala. Nikainua macho nikamwona Masanja anacheka. Kashika maiki, jasho linamtoka, anawachekea watu wa Tandale na meno yote, anawaambia wapige makofi. Ni kazi yake, ndiyo. Mwimbaji wa wimbo wa furaha hawezi kununa. Leo najua hivyo. Siku ile sikujua kitu.

Nikamnyang'anya maiki. Nikasema, "Mnamkumbuka kijana mliyemuua hapa? Aliyewaitia mwizi ni huyu. Mjukuu wangu hakuwa mwizi, huyu aliwadanganya."

Basi. Sikusema utani. Sikusema jogoo, sikusema supu ya mzazi. Nilisema nusu, mume wangu, na ile nusu nilijua ina meno. Nataka ulisikie kwangu.

Walimvuta kwa mguu. Kichwa chake kiligonga ubao wa Kenta, kikagonga bampa, kikagonga ardhi. Mwanamume mmoja mwenye aproni ya kuchinjia kuku alikuwa na ubao tayari, sijui aliutoa wapi, kama alikuwa nao siku zote. Nikasikia mtu anasema, "Mshike vizuri huyo." Sauti ya mtu anayesaidia kushusha kabati. Na walikuwa na furaha, Shomari. Hilo sikulijua. Nilidhani walikuua wamekunja sura. Kumbe macho yao yalikuwa yale yale ya dakika moja iliyopita, walipokuwa wanacheza. Nilisikia taya likivunjika. Nikaona sikio linaning'inia. Yeye hakujifunika uso, alikuwa ananitazama mie. Kijana mmoja akaja anabingirisha tairi na mwingine anauliza mafuta ya taa yako wapi.

Ndipo nikaona. Nilikuwa nakuona wewe, kwa macho yangu, kile walichonizuia nisikione.

Sijui nilishukaje juu ya gari, mie na magoti haya. Zuhura anasema nilijirusha. Nikamlalia Masanja. Ubao wa kwanza ukatua kwenye mkono wangu, ukalia kama muhogo mkavu. Nikamng'ata mtu kidole, nikashikilia mpaka nikaonja damu. Na maiki bado nilikuwa nayo mkono wa kulia, kwa hiyo nilivyolia, soko zima likalia. Nikasema kwenye maiki nikiwa juu yake pale chini: "Jogoo alikuwa wake. Mjukuu wangu alikuwa mtani wake, alimpokonya kwa utani, na huyu akaita kwa utani. Nyie ndio mlipiga kweli. Nani alipiga? Nyoosheni mikono, si mnajua kuinyoosha."

Hakuna aliyenyoosha. Yule wa tairi akaliacha, likaenda lenyewe mpaka kwenye viazi. Watu wa nyuma wakaanza kuondoka, polepole, kama wamekumbuka kitu nyumbani. Mama mmoja muuza ndimu akavua khanga ya juu akamfunika Masanja kichwa, akaketi chini naye. Yule wa aproni alibaki kasimama.

"Bibi," akasema, "sie tulijua ni mwizi."

"Na leo mlijua ni nani?"

Akautazama ubao wake. Akauweka chini. Leo mtu wa kupiga waliletewa na mie.

Masanja yuko wodini. Wamemfunga taya kwa waya, anakunywa kwa mrija, kuimba hataimba mwaka huu. Nampelekea uji kila siku, namwambia kunywa, mbwa wewe, na anakunywa. Aliandika maelezo yake ya polisi kwa mkono, pale pale kitandani, kurasa nne, jinsi ulivyokufa, na mie nimetoa yangu, jinsi alivyonusurika kufa. Nimesema yote mawili, nusu zote. Askari akaniuliza, "Bibi, una uhakika unataka hili la kwako liandikwe?" Nikamwambia andika.

Watu wananisifia. Wanasema Bi Mwajuma ana roho, kamlalia adui yake. Waongo. Yeye alipiga kelele akicheka, hakujua. Mie nilipiga kelele nikijua. Ukipima, mie na yeye nani mbaya? Usinijibu. Na bado simpendi, usidhani nimekuwa malaika. Nikimwona anameza uji nakumbuka wewe huwezi kumeza kitu. Lakini nikikumbuka tairi lile, nampulizia uji upoe.

Mtaani wanajua sasa. Yule mama wa bombani alikuja jana na sahani ya vitumbua, akalia. Nikamwacha alie, nikala vitumbua. Jina lako limerudi, mume wangu. Limerudi na damu ya mtu mwingine, lakini limerudi.

Ziara inaendelea. Zuhura ndiye anayeimba sehemu ya Masanja, na sauti ipo. Baada ya Ubungo tunapanda bara, na Tabora ndiko kuna mama yake Masanja, mjane kama mie. Ameambiwa mwanawe kaanguka kwenye gari. Masanja mwenyewe ndiye aliyemwandikia hivyo, kunificha mie.

Sitaki kufichwa. Nakuahidi hili, na Zuhura analiandika ili nisije nikalikana: tukifika Tabora sitapanda jukwaani kwanza. Nitakwenda kwa yule mama. Nitapiga hodi, na kabla hajanikaribisha, kabla hajaniletea hata maji, nitamwambia mie ndiye niliyewatupia watu mwanao. Akitaka kunipiga, nina mkono mmoja mzima, sitauinua. Akinifungia mlango, nitakaa nje mpaka aufungue.

Kaa salama huko uliko, Shomari. Mungu akupanulie kaburi lako. Nikija, unipokee vizuri, usiwe na maneno.

Mkeo mzee,
Mwajuma