Ya Zamani au Mpya

Kihanga, Jumanne, 1986

Nimeshasema, siwezi kuyarudisha maneno. Mzee Kamuhanda, kiongozi wa bendi yetu, aliweka saksafoni mbili mkekani. "Chagua moja. Nyingine mfanyabiashara aliyeleta hii mpya anaondoka nayo kesho."

Ya zamani naijua. Vifuniko vya matundu yake nimevitia ngozi ya mbuzi aliyechinjwa harusi ya dada yangu, maana ngozi za dukani hakuna. Kibonyezo kimoja hunata, nakiinua kwa kidole. Sauti yake ina moshi kidogo, kama ya mama akiita kutoka jikoni asubuhi ya ukungu.

Mpya nilipoipuliza iliitika mara moja, safi kama maji. Nikakosea, na kosa likasikika lote. Hapo ndipo nilipojua. Miaka yote nikikosea nasema ni saksafoni, imezeeka. Na watu wananiamini.

"Mpya," nikasema kwa sauti ndogo, nikitazama chini.

"We, unaongea na mkeka?" mzee akauliza. Wenzangu wakacheka.

"Mpya, mzee."

"Hutaogopa Jumamosi, harusini Nyakakika?"

"Nitaogopa."

Nimejilaza na daftari. Naisikia ile ya zamani kama inalia mbali huko migombani, polepole. Kidole changu bado kinainua kile kibonyezo, kwenye blanketi.