Jirani Yangu Mzee Zachariah

Jumamosi, 2 Septemba 2006

Leo nimemkana baba yangu. Naandika hivyo hivyo bila kuremba, maana nikianza kuremba nitajikuta mimi ndiye nimeonewa.

Ilikuwa Kenyatta Market. Mchumba wangu Nyokabi alikuwa bado anasukwa nywele, mimi na mama yake tukatangulia kukaa kibandani. Nyama kwenye ubao, chumvi kando, kachumbari. Ni mara yangu ya pili tu kuonana na Mama Hannah. Mcheshi, mtu wa kanisa, lakini ana macho ya kupima. Alikuwa akisimulia jinsi pombe ilivyommaliza kaka yake huko kwao Mutuini. Nami natikisa kichwa — pombe mbaya, mama, mbaya sana.

Ndipo nikasikia, "Lenox!"

Baba. Mzee Zachariah mwenyewe, gambuti miguuni. Koti la mvua, na jua linawaka! Mkono mmoja kichwa cha mbuzi kwenye gazeti, cha supu ya wazee. Begani ule mwanzi mrefu anaotilia mrija wake wa kunywea pombe ya busaa. Kila Jumamosi hupita nao mjini waziwazi kana kwamba ni mwavuli. Nimeshamwomba auache Kangemi kwa Anko Dalmas, ambako ndiko wanakozunguka chungu. Alinijibu kwamba mrija wa mtu haulali nyumba ya mwingine.

Mama Hannah akauliza ni nani huyo.

Nikasema, "Ni jirani. Mzee fulani wa ploti yetu."

Hata sikufikiri. Neno lilitoka laini kama la mtu aliyelifanyia mazoezi. Na Baba alikuwa ameshafika mezani. Alisikia! Nilimwona akisikia. Akatazama nyama, akanitazama mimi, kisha akacheka.

"Ndiyo, mama. Mimi ni jirani ya huyu kijana. Hana makelele, hata redio yake huwezi sikia."

Mama Hannah akampa mkono. Akamuuliza kama hiyo ni antena ya TV. Baba akasema ndiyo, inashika mpaka Uganda. Mama akacheka hadi akashika meza. Akamsogezea benchi, akakata ubavu, akamtilia mkononi. "Kula, mzee. Chakula si ya mtu mmoja."

Hapo Baba alisita. Nilijua kwa nini, nikajifanya natafuta pilipili. Kwetu, baba wa kijana na mama wa msichana hawashikani mikono wala hawali pamoja. Ndiyo heshima ya ukwe. Baba ameishi Nairobi tangu sijazaliwa, lakini kwa hilo yeye ni mtu wa zamani kabisa. Na alijua Mama Hannah ni nani. Picha yake na Nyokabi nilishamwonyesha kwenye simu ya Dalmas. Akikataa, ataulizwa sababu. Akisema sababu, mimi nimekwisha.

Akala. Ubao mmoja na mkwewe, chumvi moja. Halafu akaaga kwa adabu. "Haya jirani, tuonane."

Mimi nikasema, "Sawa, mzee."

Jumapili, 3 Septemba

Sikwenda kanisani. Ningemwambia Mungu nini?

Nyokabi kapiga simu. Mama yake amempenda sana yule mzee, anamsimulia kila mtu habari za antena. Yeye mwenyewe alimwona kwa mbali akiondoka, akasema eti tunafanana masikio! Nikamwambia watu wa magharibi wote masikio ni hayo. Akacheka.

Uongo juu ya uongo. Tangu mwaka jana nimemwambia kwamba Baba yuko kijijini Kimilili, miguu inamsumbua, hasafiri. Kumbe miguu inavuka jiji zima kutafuta kichwa cha mbuzi. Na kwa nini nilisema hivyo? Kwa sababu Baba ni fundi wa mawe aliyezeeka, anakaa chumba kimoja nyuma ya soko la Kangemi, na mimi navaa tai. Basi. Hakuna sababu nyingine, nimetafuta.

Jumanne, 5 Septemba

Sijampigia. Hajanipigia.

Jioni Nyokabi anasema baba yake, Mzee Kihara, amekubali twende kubisha hodi Jumamosi ya tarehe 23. Watu wachache tu, wazazi wajuane. Akauliza, baba yako ataweza na hiyo miguu? Nikasema ataweza.

Mkataa kwao mtumwa. Methali hii niliwahi kuiandikia insha darasa la saba, ikasomwa mbele ya shule nzima kwa uzuri wake. Baba alikuja siku hiyo na gambuti zilezile. Nilimkimbilia.

Jumamosi, 9 Septemba

Nimekwenda Kangemi kumwangukia.

Wazee walikuwa wameshakaa kwenye ua wa Dalmas, chungu katikati, mirija imejipinda kutoka kila upande. Mke wa Dalmas anaongeza maji ya moto. Mmoja anapiga nyuzi za litungu, wawili wanagombana juu ya mchezo wa ajua. Mlango wa geti umefungwa kwa komeo, maana busaa ni marufuku na chifu ana pua. Nilikua katika harufu hiyo. Nilikuwa nikilala kwenye mapaja ya Baba huku wanaimba, na hakuna mahali nimewahi kulala vizuri zaidi.

Baba aliponiona aliutoa mrija mdomoni. Akatangaza kwa sauti, "Wazee, mpeni huyu kiti. Ni jirani yangu."

Wakaangua kicheko! Walidhani ni utani. Jirani, karibu! Jirani, mkeo hajambo? Wakalishika hilo jina jioni nzima. Kila aliyelitamka nilihisi napigwa kofi, na ilibidi nicheke. Baba ndiye aliyecheka kuliko wote. Machoni hakuwa anacheka.

Dalmas ndiye peke yake aliyejua. Ni mdogo wake Baba, hafichwi kitu. Akanivuta kando penye tangi la maji.

"Wewe ulimfanya ashike mkono ya mama mkwe wako?"

Nikafungua bomba la tangi, nikalifunga.

"Na akule na yeye? Meza moja? Unajua alifika hapa hakukunywa? Alikaa tu na mrija kwa mkono. Tukadhani ni malaria."

Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha. Akaniambia msamaha si kwake, niende kwa mwenyewe. Nikaenda. Nikachuchumaa kando ya Baba, nikamwambia polepole kuhusu tarehe 23, kwamba nataka aje, kwamba nitawaeleza ukweli wote kabla ya siku hiyo.

Alinisikiliza. Kisha akasema kwa upole, kama anayemweleza mtoto kwa nini mvua inanyesha, kwamba hilo haliwezekani tena. Ameshakula na yule mama, ameshataniana naye. Hawezi kuingia nyumba ile akiitwa mkwe. Atamvunjia heshima mama wa watu, maana yeye mama hakujua. Dalmas atasimama kama baba. Dalmas ana suti.

"Lakini Baba—"

"Shika mrija, unywe. Maji inapoa."

Jumapili, 10 Septemba

Jana sikuandika lile lililo baya zaidi. Baba aliposema Dalmas atasimama mahali pake, nilifurahi. Kabla ya uchungu, kabla ya kila kitu, kitu ndani yangu kilipumua. Dalmas ana suti! Mungu anisamehe. Nilifurahi.

Alhamisi, 14 Septemba

Nilimpeleka Nyokabi kunywa chai mjini ili nimwambie. Nilikuwa nimepanga maneno. Nikaagiza chai, nikaagiza samosa, nikaagiza chai nyingine. Mhudumu akaanza kunihurumia.

Nikasema, "Kuna kitu kuhusu yule jirani."

Akanikatiza, uso umejaa furaha. "Wacha nikuambie kwanza! Mathe anataka umlete. Anasema ule mzee anaweza changamsha watu, juu baba yangu akikaa na wageni wa ruracio, hizi mambo za mahari, ni kama mazishi. Please, umlete?"

Na mimi mjinga nikasema, "Nitamuuliza."

Halafu akaniuliza nilikuwa nataka kusema nini. Nikamwambia, ah, ni hilo hilo.

Jumapili, 17 Septemba

Nimempelekea Baba mwaliko. Nilitarajia atukane. Nilitamani atukane.

Alikuwa anaota jua mlangoni. Akafikiri kidogo. Akasema jirani akialikwa huenda, si vizuri kukataa chakula cha mtu. Lakini sebuleni hataingia, atakaa nje.

Kisha akaingia ndani akatoka na mashati mawili, la bluu na la mistari. Akayashika moja huku, moja huku.

"Nivae gani ndio nisikuaibishe?"

Aliuliza tu. Hapakuwa na fumbo, hapakuwa na kijembe. Alitaka kujua kweli! Nikasema la bluu. Nikatoka mbio nikajifungia kwenye choo cha ploti, nikalia kama mtoto, hadi mama mmoja akagonga bati akiuliza kama nimemaliza.

Jumamosi, 23 Septemba. Mutuini

Naandika nikiwa hapa hapa, nyuma ya nyumba ya Mzee Kihara, nimekaa juu ya kreti la soda. Sebuleni wanaongea. Bwana harusi hatakiwi humo, hiyo ni desturi yao, nami nashukuru. Baba yuko hatua chache kutoka kwangu, kwenye kigogo kando ya zizi, shati la bluu, amenyoa. Mwanzi wake ameuacha nyumbani. Sikumwomba auache. Mikono yake haijui pa kukaa bila ule mwanzi.

Dirisha liko wazi. Nimemsikia Kihara akiuliza baba mzazi wa kijana ni yupi. Kisha sauti ya Dalmas, nyembamba, si yake: "Ni mimi." Wakapiga makofi. Baba pia aliyasikia. Alikuwa anamlisha ndama majani ya nepia, hakugeuka, akaendelea kumlisha.

Nilisogea nikamwambia, "Baba, niko tayari kuingia niseme."

Akasema, "Ng'ombe wa hawa watu wametunzwa vizuri."

Sikuingia. Miguu ilikuwa yangu, mlango haukuwa na komeo. Sikuingia.

Muda si mrefu Mama Hannah akatoka na thamosi. "Mzee wa antena! Kwani unakaa na ng'ombe na kuna viti?" Baba akasimama kwa heshima, akarudi nyuma hatua moja, macho chini, vile mtu anavyosimama mbele ya mkwewe. Mama akadhani ni mchezo. Akacheka, akammiminia chai, akaketi kwenye jiwe kabisa, kama mtu aliyechoka na wageni wa ndani.

Akamnong'oneza, lakini nilisikia. "Huyo baba ya Lenox ni mtu mzuri, sijasema ni mbaya. Lakini hana stori. Nimemuuliza Lenox alikuwa mtoto wa aina gani, akaniambia alikuwa mtoto wa kawaida. Baba gani huyo?"

Baba akanywa chai. Akasema huenda ni haya tu, ugenini.

"Wewe ungejua kuongea. Wewe uko na watoto?"

"Nilibarikiwa kijana mmoja."

"Na huleti stori yake! Yuko wapi siku hizi?"

Baba akazungusha kikombe. Nilidhani atatania, nilimwomba Mungu atanie. Akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya soko akanitazama moja kwa moja, bila kicheko.

"Muulize huyu," akasema. "Jirani ndiye hujua."

Mama Hannah akanigeukia, bado anatabasamu, thamosi mkononi. "Haya, Lenox. Kijana ya mzee yuko wapi?"

Nikafungua mdomo. Hapo hapo Kihara akaita kutoka ndani, chapati zinangojwa. Mama akainuka, akakung'uta leso yake. "Nakuja. Usitoroke na hiyo jibu yangu, nataka kuisikia."

Ameingia jikoni. Nimetoa hii shajara mfukoni kwa sababu sijui kuipa mikono kazi gani nyingine. Baba ameweka kikombe chini. Anangoja tu, kama yeye na Mama Hannah wameuliza swali moja.

Mlango wa jikoni unafunguka. Amebeba sahani mbili, moja yake, moja ya Baba; nisipojibu sasa, Baba atakula tena na mkwewe.