Kompyuta Ndogo ya Baba Neema

Jumatatu, 3 Juni

Nimesuka nywele tangu asubuhi. Vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Nimerudi, Baba Neema yuko vile nilivyomwacha, uso ukutani. Chai yake imejaa kikombe, imeganda utando.

Tangu wezi wavamie lile geti alilokuwa akilinda, wakamuua mwenzake mbele ya macho yake, mume wangu anasema "ndiyo", "hapana" na "sawa". Basi. Tumefunga, tumeomba. Namtaka mume wangu arudi. Sitaki kitu kingine.

Leo Neema, binti yetu, alikuwa anafagia. Akavuta chini ya kitanda mfuko wa sahani za michezo ya televisheni, zile alizotoka nazo baba yake Bukavu alipofunga salle yake ya jeu, chumba cha kuchezea michezo hiyo. Watoto wa mtaa wote walikuwa wanajaa mle, wanagombania manette za kuchezea, naye anawatania mpaka wanalia kwa kicheko. Baba Neema ameuchukua mfuko, ameuweka magotini. Kisha akauliza, "Mashine iko wapi?"

Mashine ilikufa zamani. Lakini ameuliza! Asante Yesu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepita kwa Hamisi, Mtanzania anayetengeneza simu na kompyuta karibu na saluni. Anasema mashine za zile sahani hazitengenezwi tena. Siku hizi unachukua kompyuta, unaiwekea programu, nayo inajifanya ile mashine ya zamani. Sikuelewa vizuri. Nilimwambia tu iwe ndogo. Chumba ni kimoja, pazia katikati, na umeme tunachangia nyumba nzima. Hapa ugenini, mtaa huu wa Bellevue, ukichemsha yai tu, wapangaji wanauliza.

Akatoa kompyuta moja iliyotumika ofisini, ukubwa wa Biblia yangu. Nikasema, hii si itashindwa? Akacheka. "Shemeji, kwani unachagua sufuria?"

Jumamosi, 8 Juni

Baba Neema amekubali kutoka! Tumetembea polepole, kila gari likipiga honi anashtuka. Kwa Hamisi akasimama kimya kama mgeni. Hamisi akaanza kueleza, ataweka memori moja kubwa, itatosha. Ndipo nikasikia sauti ya mume wangu.

"Hapana. Weka mbili. Hii haina kadi yake ya picha, picha zinakula kwenye memori hiyo hiyo. Na hiyo feni ifunguliwe, isafishwe. Vumbi litaipika."

Hamisi akashika kichwa. "Eish, mzee! Ulikuwa umejificha wapi?"

"Kwa mke wangu. Anapika vizuri."

Amenitania. Mbele ya watu. Niligeuka nikajipangusa macho kwa kitenge, nikasingizia baridi.

Jumanne, 11 Juni

Meza yetu imejaa bisibisi na nyaya, hatuna pa kulia. Tunakula kitandani. Sijali. Sahani anazinakili moja moja, nyingine zimechubuka, anazifuta kwa fulana yake. Mchezo wa mpira ulipowaka kwenye televisheni, wachezaji walikuwa wanakwama kama wanatembea kwenye matope. Akapunguza ukubwa wa picha, wakakimbia. Neema anamjibu baba yake kwa Kiingereza, yeye anamtania kwa Kiswahili, na wanaelewana. Amecheka. Wapangaji wamegonga ukuta. Wagonge.

Kifuniko hajakirudisha. Anataka kwanza aone kama haipati moto.

Jumatano, 12 Juni

Nimeamka na hofu. Kwetu kitu kipya hakikai ndani bila kuombewa. Jiko liliombewa. Godoro liliombewa. Na hii ndiyo imenirudishia mume wangu, niiache hivi hivi? Kama adui akija kuninyang'anya furaha hii?

Nimemwambia. Akasema, "Ombeni. Ila kwa mdomo tu."

Nikasema sawa.

Ijumaa, 14 Juni

Mungu wangu.

Mama Debora wa maombi alikuja mchana, Baba Neema ametoka kununua waya. Yeye huombea kwa maji ya chumvi, tangu nimjue. Nilikuwa nakumbuka neno la mume wangu. Nilikumbuka kabisa. Lakini nilijiambia matone tu, hatajua. Chupa niliijaza mimi. Chumvi niliitia mimi.

Kompyuta ilikuwa inawaka, wazi, Baba Neema ameiacha inajichezea mchezo wa ngumi, aone kama haipati moto. Mama Debora alipoona kwenye televisheni watu wanapigana, akapaza sauti, akamwaga. Si matone. Ikalia tss, moshi, harufu, giza. Akapiga makofi: "Umeona? Limetoka!"

Baba Neema akaingia na waya wake mkononi. Akaitazama meza. Akanitazama. Hakunifokea. Ningeomba anifokee.

Akasema, "Sawa."

Jumapili, 16 Juni

Mama Debora ametoa ushuhuda. Eti pepo lililokuwa linamfunga ndugu yetu limetoka kwa moshi. Kanisa lote limesimama, vigelegele. Wakanigeukia. Nikabaki nimekaa. Sikujua mikono niiweke wapi. Ndugu yetu mwenyewe yuko nyumbani, uso ukutani.

Jumatano, 19 Juni

Hamisi ameifungua. Ubao mkuu umekufa, na diski pia. Anasema anaweza kutafuta nyingine kama hiyo. Nimebeba habari hiyo mbio mpaka nyumbani. "Baba Neema, Hamisi atapata nyingine. Wewe utachagua. Sitaita mtu."

"Hapana."

Nikasema nisamehe.

"Ndiyo."

Nimekaa naye. Hajaugusa mkono wangu wala hajautoa.

Jumatatu, 24 Juni

Baridi imezidi, jua halina kazi. Mama Debora amepita saluni, nikamsalimia kwa heshima, nikaendelea kusuka. Neema anakula bila kuongea. Na yeye ameanza.

Jioni nimepiga magoti peke yangu. Sikuleta maji, sikuleta chumvi, sikupaza sauti. Bwana, nilikuomba mume wangu nikampata, nikaogopa kunyang'anywa, nikaijaza ile chupa kwa mikono yangu mwenyewe. Sijui kosa langu ni imani au ni woga. Wewe unajua. Tafadhali nijibu upesi. Na kama una neno moja tu, usinipe mimi. Mpe yeye.