Pindo la Gauni la Madoadoa

Dada yangu kipenzi,

Sisi wazima, ila nguo zetu ndizo hazina usalama. Mama amekazana na maua yake ya vitambaa: anakata duara, anakunja, anapitisha sindano, anavuta uzi, mara ua hilo! Viraka vilipomwishia akahamia kabatini. Jana mjomba alitoka kuoga akakuta suruali yake imekuwa waridi.

"Dada, wewe hutengenezi maua," akalalamika, "unaua!"

"Si ulikuwa hujaivaa?" Mama akamjibu.

Jambo moja nilikuficha. Nyuso zinampotea. Mimi ananiita jirani, na picha yako aliitazama akauliza huyu mgeni katokea wapi. Lakini kitambaa hakimpotei. Alipokata pindo la gauni lako la madoadoa, alilipapasa kwa kidole gumba, akatabasamu: "Hili la binti yangu. Alilia nilipolipunguza."

Gauni lenyewe nimelificha, mkasi usilione. Ua la pindo lile limo humu ndani ya bahasha. Ukija, libandike begani, umsogelee. Usijitambulishe. Mwache alishike.

Mdogo wako, ninayelala na suruali chini ya mto.