Paka-Mwitu Bandani

Baba Koki,

Chai iko kwa chupa. Usifungue banda wala usishike panga. Yule paka-mwitu aliyemaliza kuku wetu amenaswa kwenye wavu, na tangu uwindaji upigwe marufuku, kumuua bila ruhusa ni kesi. Nimeenda mjini kuita askari wa gemu, wale wa wanyamapori. Zuia watoto wa ploti wasimrushie mawe.

~~Mpe maji.~~ Usimpe maji, atakuuma.

Alfajiri alilia kama mtoto mchanga. Niliamka nikasema, "Nyamaza Koki, mama anakuja." Nilifika bandani na blanketi lake mkononi, ndipo nikakumbuka tulishamzika. Mnyama alinitazama, akanyamaza.

Jirani yetu Wakiuru akiuliza kwa nini sikumpiga rungu, mwambie ni sheria.

Mama Koki