Ukuta wa Jimbo, Mwili wa Canberra

Blacktown, Sydney
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako mzee mwenzangu Kiptoo,

Nakusalimu wewe, mama watoto, ng'ombe wako uwapendao kuliko watu, na kila apitaye langoni pako hapo Turbo. Goti je? Nauliza la kushoto. La kulia nalijua, ulikuwa unalisingizia tu kazini ili usipande nguzo za nyaya wakati wa mvua. Mimi huku ni mzima. Nakula, nalala, naenda haja bila kushikwa mkono, na kwa umri wetu hayo ni mambo ya kumshukuru Mungu kwa sauti.

Sasa kaa chini nikupe habari. Mwenzako ni mvumbuzi. Serikali mbili za Australia, ya jimbo na ile kuu ya Canberra, zimenivika nishani siku moja, shingo ikaniuma kwa uzito, na picha yangu imebandikwa karibu na stesheni ya Blacktown, kubwa kama mlango wa zizi lako.

Haya, acha kucheka. Najua hukuamini hata nusu. Nishani ni ya mkwe wangu Maxwell, na picha ni ya Maxwell. Mimi nimo kwa kiwiko. Ukitazama pembeni utaona mkono wa koti la kahawia umeshika sahani ya soseji. Kiwiko hicho ni changu. Lakini Kiptoo, kitu kilichopewa nishani ni changu pia, na ndiyo maana nakuandikia nyongo ikiwa imenifika kooni.

Unajua naishi kwa binti yangu Abigail, yule nesi. Mjaluo kulala kwa mkwe! Wazee wa kwetu wakisikia choo cha mkwe kilivyo karibu na kitanda changu, watanitenga nikiwa hai. Lakini huku hakuna simba, kile kibanda chetu cha pembeni, cha kunijengea nyuma ya boma, kuna uwanja wa kuanikia nguo tu. Maxwell si mbaya. Anafanya kazi za kompyuta mjini, anavaa viatu bila soksi, ananiita Baba, na nikizungumza ananisikiliza. Kumbe kusikiliza nako ni kuvuna.

Kanisani kwetu tupo wazee wa kila kabila, Wakongo, Warundi, Wakenya, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha, kila mtu akikivunja kwa upande wake. Wengi wanaishi peke yao. Mzee mmoja Mrundi, Habonimana, alifariki nyumbani kwake, na aliyemgundua alikuwa mtu wa kusoma mita ya umeme. Mtu wa mita, Kiptoo! Tulimzika tukiona haya kutazamana usoni.

Hapo ndipo nikakumbuka ule mchezo wetu wa kuflashi. Huku Wakongo wanasema kubipu. Unapiga simu, ikilia mara moja unakata kabla mwenzako hajapokea, naye anajua upo, na hakuna aliyelipa hata senti. Nikawapanga wazee kwa mduara. Ukiamka salama unambipu aliye mbele yako, naye anambipu aliye mbele yake, mpaka inarudi ilikoanzia. Usipopata bipu kabla ya chai yako kupoa, unauliza mwenzako yuko wapi. Basi. Sisemi nilivumbua kubipu. Kubipu kulivumbuliwa na umaskini, na umaskini haujawahi kubandikiwa picha stesheni. Lakini mduara ni wangu.

Aliyekuwa akinibipu mimi ni Mama Cécile, mjane kutoka Bukavu, anayekaa Macquarie Fields katika nyumba ya serikali ya jimbo. Ana mdomo yule mama! Ananiita mon vieux, yaani mzee wangu, na anasema Wajaluo tunajisifu hata kwenye matanga yetu wenyewe. Asubuhi nyingine ananibipu mara tatu kwa uchokozi tu, ili niiache kofia yangu na kukimbilia simu.

Maxwell akauona mduara. Akaniuliza maswali, nami nikamchorea kwa maharagwe kwenye sahani, punje moja mzee mmoja. Baada ya miezi michache akaja na programu ya simu. Kila mzee ana jina lake na doa. Doa la kijani, mzee yuko salama. Doa jekundu, kuna shida. Sikulala vizuri na lile doa. Nikamuuliza linajuaje. Akaeleza kwamba simu ikiwa na chaji na mtandao, doa linabaki kijani. Nikamwambia hiyo inasema simu ni nzima, mtu je? Akacheka kwa heshima, akasema, Baba, siku hizi mtu na simu yake hawaachani. Kisha akatuomba tuache kubipu, maana mambo mawili yatatuchanganya. Tukaacha. Wazee ni watu wa kutii wakishavalishwa fulana za bure.

Ikaja Jumamosi ya uzinduzi, katika ukumbi hapa Blacktown. Alikuja bwana mmoja wa bunge la jimbo na mama mmoja wa bunge la Canberra, kila mmoja na mpiga picha wake. Ungewaona! Bwana wa jimbo alisema upweke wa wazee ni kazi ya jimbo, maana jimbo ndilo lenye nyumba, polisi na ambulensi. Mama wa Canberra akasimama akasema hapana, wazee wako chini ya mamlaka ya taifa zima tangu zamani, na Canberra inajivunia mtoto wake Maxwell. Ni kama gavana na mbunge wa kwetu wakigombania mkasi wa kukata utepe wa daraja. Siku daraja likibomoka, kila mmoja anauliza, daraja lipi?

Na mimi? Maxwell alisema jukwaani kwamba wazo lilitokana na utamaduni wa Kiafrika. Utamaduni! Tangu lini utamaduni ukawa na chumba cha nyuma na dawa ya presha? Nikamtazama Abigail, Abigail akatazama dari. Nikairudisha soseji sahanini.

Lakini unanijua. Nilikuwa nimewaandaa wazee tangu jana yake. Maxwell angeunganisha simu yake na ukuta ili watu waone madoa. Wakati huo, nikasema, kila mzee ambipu Maxwell, aliye ukumbini na aliye nyumbani. Cécile ndiye aliyecheka kuliko wote. Asingeweza kuja, kwani wikendi ile treni zilisimamishwa kwa matengenezo na yeye hawezi kupanda yale mabasi ya kubadilishabadilisha. Akaapa kwamba bipu yake itakuwa ya kwanza.

Basi Maxwell akainua mkono, akasema mwaona, wazee wetu wote wako salama, kijani tupu. Mara simu ikaanza. Tiiti, Balthazar. Tiiti, mama fulani. Tiiti, tiiti, majina yanarukia ukutani juu ya madoa kama panzi, watu wanavunjika mbavu, mkwe wangu anahangaika kuyafuta kwa kidole. Na mimi nacheka, Kiptoo, nacheka mpaka machozi, halafu kicheko kikanikauka. Cécile hayumo. Nikangoja. Mwanamke yule hawezi kuacha mzaha upite bila yeye. Na pale ukutani, doa lake kijani, linang'aa kama jani la sukumawiki.

Nikapanda jukwaani na kiwiko changu. Nikasema Cécile ameanguka. Maxwell akanionyesha doa. Nikamwambia alile hilo doa. Abigail akapiga simu ya ambulensi palepale, hakuuliza mtu. Lakini kuna jambo la mlango: nani aufungue? Msaidizi wa yule bwana akasema nyumba ni ya jimbo ndiyo, ila wikendi ofisi ya nyumba imefungwa, na mzee anayehudumiwa nyumbani ni wa Canberra. Msaidizi wa yule mama akasema huduma ni ya Canberra ndiyo, ila mlango ni wa jimbo. Wakasimama, kila mmoja na simu sikioni, kila mmoja akisikilizishwa muziki wa kungojea. Nakuapia, muziki ulikuwa mmoja.

Nikampigia Balthazar, Mrundi anayekaa mlango wa tatu kutoka kwa Cécile. Nilipiga simu ya kweli, ya kuongea. Akapokea akilia, nani amekufa? Maana sisi tukiongea kwa simu ujue ni msiba. Nikamwambia bado, kimbia. Akatoka na mchi wa kutwangia sombe, yale majani ya muhogo, akavunja dirisha la jikoni. Cécile alikuwa bafuni tangu alfajiri, nyonga imevunjika, simu yake iko chumbani kwenye chaji, nzima kabisa, salama salimini. Na neno lake la kwanza, Balthazar anasema, lilikuwa kumgombeza: mpumbavu wewe, dirisha hilo ni la serikali!

Sasa sikiliza jambo lililoniudhi zaidi. Kwa mwaka mzima Cécile alikuwa akiomba chuma cha kujishikia bafuni. Kipande cha chuma na skrubu, wewe na mimi tungekifunga tukisubiri uji uive. Jimbo likamwambia kuanguka kwa wazee ni shauri la Canberra. Canberra ikamwambia haiwezi kutoboa ukuta wa jimbo. Ukuta wa jimbo, mwili wa Canberra, na mama wa watu akaangukia katikati. Kwenye ukumbi walimgombania. Bafuni hakuna aliyemtaka.

Na gazeti la mtaani likaandika nini? Kwamba programu mpya imemwokoa bibi mkimbizi. Nililisoma mara mbili, nikalifungia maganda ya viazi.

Hayo ningeyameza. Nimemeza makubwa. Lakini Abigail akaniambia madaktari hawatamruhusu Cécile arudi nyumbani bila vyuma, na vyuma vikikawia atapelekwa nyumba ya wazee, mbali, mahali ambapo hakuna hata mtu wa kumwambia jambo kwa Kiswahili. Nikaenda kumwona hospitali. Akasema alikimbia Bukavu akaacha nyumba, akakimbia kambi akaacha nyumba, na hii hataiacha isipokuwa kwa jeneza. Akageukia ukutani. Sikuwa na mzaha wa kumpa, Kiptoo, mimi!

Ndipo nikafanya jambo ambalo sijamwambia mtu. Serikali zile zilitaka filamu fupi ya kusifu programu, na zilitaka mzee aseme kwa kinywa chake. Maxwell alikuwa ameshaniomba nami nikamtukania mababu. Nikampigia msaidizi wa bwana wa jimbo, nikasema nitazungumza, ila kuna uvumi kwamba Canberra wanafunga chuma kwa Cécile wiki hii, tena mbele ya kamera. Kisha nikampigia msaidizi wa mama wa Canberra, nikasema hivyohivyo, ila safari hii wanaofunga ni jimbo. Kabla ya wiki kwisha mafundi wawili walikutana bafuni kwa Cécile, kila mmoja na drili yake, na kila mmoja hataki kuondoka. Ukuta uliokuwa hautoboleki ukatobolewa kama ungo.

Nami nikalipa. Walinikalisha kwenye bustani, wakanipaka unga usoni kama bibi harusi. Nikasema, kwa Kiingereza changu cha darasa la saba, kwamba Maxwell ndiye aliyevumbua, kwamba wazee hatukuwa na njia yoyote kabla yake, na kwamba doa la kijani ndilo lililomwokoa rafiki yangu. Wakataka nirudie kwa tabasamu. Nikarudia kwa tabasamu. Maxwell alisimama nyuma ya kamera akitazama chini, na garini akafungua mdomo aseme kitu, nikamwambia aendeshe gari.

Nimedanganya mara nyingi, hilo unalijua, nimedanganya hata kwenye kitubio. Ila ni kwa raha. Uongo huu ulikuwa wa kwanza kuniacha na ladha ya sarafu mdomoni. Cécile yuko nyumbani kwake. Anaingia bafuni mkono mmoja kwa jimbo, mmoja kwa Canberra, na anasema kile cha Canberra kimewekwa juu mno. Asubuhi tumerudi kubipiana, hata Maxwell sasa ananibipu kutoka kazini, wala sipokei. Cécile aliniuliza niliwapa nini wale watu wa serikali wakakubali. Nikasema uzuri wangu. Filamu haijatoka. Ikitoka na akaiona, ataving'oa vyuma vyote kwa meno. Kwa hiyo anayejua ni wewe.

Nisalimie mama watoto, nisalimie majirani wanaonikumbuka, na wale wasionikumbuka waambie wamepata hasara. Mwambie mchungaji bado naomba, ingawa siku hizi kwa meno yaliyoumana.

Na sasa, ndugu yangu, kuna deni kati yetu. Siku ile uliyoangusha koleo kutoka juu ya nguzo, likatua kwenye kioo cha gari la bwana mkubwa, nani aliyesema koleo ni lake? Nililala nyumbani mwezi mzima bila kazi kwa koleo lako, wala sikuwahi kukukumbusha. Nilibeba lawama isiyo yangu. Nakuomba unibebee sifa iliyo yangu, mara moja tu. Siku ya soko, mkishakaa pale hotelini na chai imeshamiminwa, sema kwamba kule Sydney wazee wanabipiana kwa mduara kila asubuhi, na aliyewapanga ni Oloo. Usiongeze chumvi. Wakikuuliza Oloo yupi, wape na jina la baba.

Ni mimi mwenzako wa nguzoni,
Oloo