Vidonge vya Kunenepa Nilivyokuletea Kutoka Mikumi

Mtani wangu Baba Neema,

Nimekuzidi miaka miwili, lakini hukuwahi kuniamkia hata siku moja. Ulisema mtu aliyekuja Malolo akifuata mikia ya ng'ombe toka Kanda ya Ziwa haamkiwi, anahesabiwa pamoja na mifugo. Sawa. Sasa umelala udongoni, naanza mimi: shikamoo.

Usicheke mwandiko. Darasa la nne langu unalijua.

Nianzie kwenye suti. Sendofu ya kumuaga binti yako Neema kabla ya ndoa ilikuwa inakaribia, ukaivaa ile suti ya mtumba tuione. Nikakwambia mbele ya watu, "Hiyo suti imevaliwa au imetundikwa? Tembo wa Mikumi wakikuona watakung'oa wachokolee meno." Watu wakaangua kicheko. Nawe ulicheka, ila siku ile tunang'oa vitunguu shambani kwako ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Kweli nimekwisha kiasi hicho?"

Hapo ningekuomba radhi yakaisha. Badala yake nilikwenda mnadani Mikumi nikakuletea vidonge vya kunenepa, vidogo kama punje za mtama, vimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Muuzaji hakunitajia jina lake wala mimi sikuuliza. Ulivificha kwenye kopo la mbegu, Mama Neema asijue.

Vikakukubali. Mashavu yakajaa, shingo ikapotea. Siku ya sendofu wakwe wakasema mzee amenawiri, ukanikonyeza. Sherehe ikapita, hukuacha. Kila mnada uliniagiza, na kila mnada nilileta.

Mvua zilipoanza kikakushika kichomi. Siku ya nne ulikuwa huvuti pumzi bila kuinua mabega, tukakukimbiza hospitali, ukaingizwa chumba cha wagonjwa mahututi na oksijeni usoni. Daktari, binti wa rika la Neema, alitwambia ni nimonia kali, imeshika mapafu yote mawili. Akasema ipo dawa ya kutuliza uvimbe wa mapafu, jamii ya steroidi, ila sukari yako iko juu na dawa hiyo huipandisha zaidi. Kwa hiyo wanaanza na antibiotiki na vitamini za kwenye dripu, huku wakikuangalia.

"Vitamini?" nikamwambia. "Basi tungemkamulia machungwa hukohuko Malolo."

Mama Neema akacheka kidogo, mara ya kwanza toka asubuhi. Daktari hakucheka.

"Kuna vidonge vyovyote amekuwa akitumia? Vya mnadani, vya maumivu, vya kunenepa?"

"Huyu?" nikasema. "Huyu hata Panadol anaikimbia."

Akaandika.

Nilidanganya kwa sababu mkeo alikuwa amesimama pale, na kwa sababu nilidhani utapona tuje tucheke wenyewe. Siku ya tatu pale hospitalini presha yako ikawa inashuka, wanakuongezea maji, inashuka tu. Nikamfuata daktari koridoni nikamtolea ile karatasi ya daftari, maana mzigo wako wa mwisho ulikuwa bado mfukoni mwangu. Akaniuliza umetumia muda gani. Akanieleza kwamba vidonge vile ni jamii ileile ya steroidi, ndivyo vilivyopandisha sukari. Na mwili ulishavizoea, ulipovikosa ghafla ukashindwa kushikilia presha.

"Ungeniambia juzi, babu, ningemwekea ile dawa ya steroidi siku ileile."

Hakupaza sauti. Heri angenitukana.

Wakakuwekea saa ileile. Jioni presha ikapanda, ukafumbua macho, ukajaribu kunikonyeza yakafumba yote mawili. Kesho yake mchana mapafu yakakataa. Nilimuuliza daktari kama ni mimi niliyekuua. Akasema, "Mapafu yalikuwa mabaya tangu alipofika. Siwezi kukwambia ndiyo, babu, wala siwezi kukwambia hapana."

Msibani watu walinisubiri. Kazi ya mtani unaijua: nilale kaburini nigome kutoka, nidai kuku, niwakejeli wafiwa mpaka wacheke. Tulishabishana mara ngapi nani atamlalia mwenzake kaburi. Nikasogea ukingoni. Mmoja wa waliobeba jeneza akahema, akasema, "Mzee alikuwa amekuwa mzito." Nikarudi nyuma, nikasimama na wanawake.

Wakasema majonzi yamenizidi. Mama Neema mpaka leo ananiletea uji. "Wewe ndiye mtani wa kweli," ananiambia, "ulikaa naye mpaka mwisho." Nakunywa mbele yake, akiondoka natoka nje nautapika.

Sasa nimechoka. Barua hii bahasha sijaifunga. Kesho asubuhi naipeleka mwenyewe kwa Mama Neema. Alimaliza la saba, ataisoma vizuri kuliko nilivyoiandika. Nitakaa kwenye kigoda chako mpaka afike mwisho. Akinifukuza nitaondoka, na njiani sitamtania mtu.

Ile shikamoo yangu usiipokee mpaka amalize kusoma.

Mtani wako,
mfuata mikia ya ng'ombe